Kamera Isiyomwamini Mwigizaji

Katika filamu ya The Constant Gardener, Sandy Woodrow anaingia ofisini kwa Justin Quayle na habari ya msiba. Justin yuko na mimea yake, anainyunyizia maji. Sandy anababaika, anatafuta pa kuanzia, mwishowe anaitoa: kuna gari limepatikana kando ya Ziwa Turkana, waliokufa ni mwanamke Mzungu na dereva Mwafrika, na kuna hofu kwamba mwanamke huyo ni Tessa, mkewe Justin. Justin halii wala hapandishi sauti. Anamshukuru Sandy kwa kumletea habari, anamwambia haikuwa kazi rahisi kuisema. Mfiwa anampa pole mleta taarifa.

Ralph Fiennes ndiye anayemwigiza Justin, na katika sekunde hizo chache anathubutu jambo ambalo waigizaji wengi hulikimbia: hafanyi kitu. Uso unabaki ulivyo, ila macho yanachelewa kidogo kurudi kwa Sandy. Aliyewahi kusimama karibu na mtu anayepokea habari ya aina hiyo anajua kwamba ndivyo inavyokuwa. Kilio huja kwa saa yake. Kinachotangulia ni adabu, kwa sababu adabu ndiyo iliyo karibu na mkono.

Nilitamani filamu nzima iwe hivyo.

The Constant Gardener ilitoka mwaka 2005. Imetokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001, na ni mojawapo ya filamu chache kubwa za nje ambazo Nairobi ndani yake ni Nairobi kweli, Kibera ni Kibera, na Ziwa Turkana ni Ziwa Turkana. Justin ni mwanadiplomasia wa Uingereza, mpole, mpenda bustani, mtu aliyeishi maisha yake yote bila kuuliza maswali ya kuwaudhi wakubwa. Mkewe Tessa, aliyeigizwa na Rachel Weisz, ni kinyume chake. Anachunguza dawa ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa ambayo kampuni kubwa zinawajaribia maskini wa Nairobi, na anayeikataa ananyimwa matibabu mengine. Tessa anauawa. Justin anaanza kuuliza maswali, na kila jibu linamsogeza karibu na mkewe ambaye hakuwahi kumjua vizuri alipokuwa hai, na karibu na kifo chake mwenyewe.

Ni hadithi nzuri. Jeffrey Caine aliyeandika mswada aliifupisha riwaya nene bila kuivunja mgongo. Danny Huston, Bill Nighy na Pete Postlethwaite wanawaigiza waovu ambao kila mmoja ana sababu anazoziamini. Weisz alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi, na aliistahili. Ukiwa na mswada huo na watu hao, kazi ya mwongozaji inakuwa kuchagua mahali pa kusimama na kutazama. Fernando Meirelles hakusimama. Ndiyo lawama yangu yote, na nataka kuieleza kwa utulivu kwa sababu filamu hii naipenda.

Meirelles ni Mbrazili. Miaka mitatu kabla ya hapo, yeye na Kátia Lund walikuwa wametengeneza City of God, filamu ya mwaka 2002 kuhusu vijana na magenge katika mtaa wa maskini mjini Rio de Janeiro. Mpiga picha wake alikuwa César Charlone, Mruguai anayefanya kazi Brazili. Kamera ilikimbia mabegani, rangi zilichomwa hadi zikawa kama shaba, mikato ya picha ilifuatana kama risasi. Dunia ilishangilia, na wote wawili, Meirelles na Charlone, waliteuliwa kuwania Oscar. Kisha wakaja Kenya pamoja, na wakaja na vifaa vyao vyote.

Tofauti iko hapa. Anayetusimulia City of God ni kijana wa mtaani anayejifunza kupiga picha. Ana pumzi fupi, ana hofu, anajua kila kichochoro, na kila anachokiona kinaweza kumuua kabla hajamaliza kukitazama. Kamera inayokimbia ni pumzi yake. Mbinu imetoka ndani ya mtu. Sasa mtazame Justin Quayle. Ni mtu wa kupogoa matawi na kungoja msimu. Anazungumza polepole, anamaliza sentensi zake, anatoa samahani kabla ya kupita mlangoni. Mtu kama huyu akipoteza mke, ulimwengu wake haukimbii. Unakwama. Ukimwekea kamera inayotetemeka, mikato ya haraka na rangi zilizokolezwa, huonyeshi tena anachokiona yeye. Unaonyesha alichozoea kukifanya mwongozaji.

Najua jibu la wanaoitetea, kwa maana tumebishana sana na marafiki zangu. Wanasema filamu ni kumbukumbu ya Justin, kumbukumbu huja vipande vipande, na kamera inayotangatanga ni ya Tessa: mwanamke aliyeingia kila mlango na kumsalimu kila mtoto. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa matembezi ya Tessa mjamzito ndani ya Kibera naikubali. Pale kamera ndogo inapita kwenye vijia vyembamba, watoto wanamfuata, Weisz anaongea na watu kana kwamba hakuna filamu inayotengenezwa, na mtikisiko unakuwa na maana. Lakini mkono ule ule unatikisika pia chumba cha maiti ambako Justin na Sandy wameenda kuutambua mwili. Unatikisika Ulaya, Justin akiwa peke yake anatafuta ukweli, Tessa yuko kaburini. Unatikisika kwenye mikutano ya mabwana wenye suti, mahali ambapo hakuna kitu kinachosogea isipokuwa glasi. Kama mtikisiko ulikuwa wa Tessa, ulipaswa kutoweka pamoja naye, na kutoweka kwake kungetuumiza. Hebu fikiria: mke anakufa, na picha yenyewe inakufa ganzi. Tungemkosa Tessa kwa macho. Badala yake mtikisiko ukaenea kila mahali, na ukienea kila mahali unakoma kusema chochote.

Halafu kuna rangi. Kenya ya filamu hii ni ya njano na kutu, imeiva, inawaka, hata vivuli vina joto. London na Berlin ni za kijani cha ukungu na kijivu. Mpaka umechorwa kwa rangi ili mtazamaji asipotee, na tangu hapo nimeona picha za nje ngapi zikifanya hivyo hivyo kwa nchi zetu sijui. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai jua linaweza kujificha siku nzima, watu wanavaa makoti, mvuke unatoka kwenye vikombe vya chai vibandani, na mwanga ni mweupe wa maziwa. Muthaiga, wanakoishi mabalozi na matajiri, ni kijani kibichi hadi macho yanapoa. Kibera yenyewe asubuhi ya mawingu ni ya buluu na kijivu, moshi wa makaa unaelea chini, na rangi kali unazoziona ni za nguo zilizoanikwa na kuta za vioski.

Hili silisemi kwa uzalendo wa kutaka mji wangu uonekane mzuri. Nalisema kwa ajili ya hadithi. Hadithi ya le Carré inadai kwamba mauaji ya Turkana yalipangwa kwenye ofisi za London, kwamba meza ya chakula cha mchana klabuni na kitanda cha mgonjwa wodini ni chumba kimoja. Ndiyo hoja yake nzima, ndiyo inayomfanya Justin apande ndege kwenda na kurudi. Picha inayozipaka pande hizo mbili rangi zisizokutana inamnong'oneza mtazamaji kinyume chake: kule ni kule, huku ni huku, yanayotokea kule ni ya kule. Mswada unaunganisha, rangi inatenganisha. Laiti wangemwacha Pellegrin, yule mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje, akae kwenye mwanga ule ule ulioangukia kitanda cha Wanza.

Wanza ni msichana aliyelazwa karibu na Tessa hospitalini. Tessa amejifungua mtoto aliyekufa. Tunamwona akimnyonyesha mtoto mweusi, na kwa muda mfupi filamu inatuacha tudhani ni wake na Arnold, daktari rafiki yake, maana umbea wa wanadiplomasia ulishatuandaa kudhani hivyo. Kisha tunaelewa: mtoto ni wa Wanza, Wanza anakufa, hana nguvu ya kunyonyesha. Aliyefiwa na mtoto anamnyonyesha mtoto wa anayekufa. Wazo hilo lingetosha filamu nzima ya mwongozaji mwingine.

Nililitazama tukio hilo na shangazi yangu, muuguzi aliyestaafu baada ya miaka mingi ya wodi ya wazazi. Tukio lilipokwisha na filamu ikaenda zake, aliniomba nirudishe nyuma.

"Rudisha kidogo, mwanangu. Yule msichana."

Nikarudisha. Akatazama tena akiwa ameinama mbele, mikono magotini. Wanza akapita: paji la uso, kitambaa, mkono wa mdogo wake, mgongo wa mtu mwenye koti jeupe, dirisha.

"Bado sijamwona uso," akasema.

"Yuko hapo, Shangazi. Ni huyo aliyelala."

"Namwona amelala. Nasema uso. Mgonjwa ukitaka kujua anaumwa wapi unamtazama usoni, unatulia. Hawa hawajatulia."

Sijawahi kusoma uhakiki uliolisema jambo hili vizuri zaidi. Kioko, mdogo wake Wanza, anabaki na sisi kwa sababu ana safari ndefu ndani ya hadithi. Wanza ndiye ushahidi, ndiye mwili ambao Dypraxa ilijaribiwa juu yake, na filamu inayomlilia inampitia juu juu. Kamera ina huruma nyingi kiasi kwamba haina muda. Yeyote aliyetazama filamu hii atakumbuka uso wa Weisz akiwa amekumbatia mtoto. Uso wa Wanza aukumbuke nani?

Halafu, dakika chache baadaye, Meirelles huyo huyo anatupa tukio bora kuliko yote. Wanatoka hospitalini. Kioko anatembea barabarani na kitoto mikononi, mwendo mrefu hadi kwao. Tessa anataka gari lisimame, wawape lifti. Justin anakataa kwa upole wake: wenye shida ni mamilioni, hawawezi kuwasaidia wote. Tessa anamjibu kwamba hawa hapa wanaweza kuwasaidia. Gari linaendelea. Hakuna muziki unaotuvuta sikio, hakuna hila. Watu wawili wamekaa kwenye gari na mmoja wao amekosea, na anajua. Unajiuliza: mtu anayeweza kupiga tukio hili, kwa nini hakujiamini kwingineko?

Tukio hilo lina pacha wake. Karibu na mwisho Justin yuko Sudan ya Kusini kumtafuta Lorbeer, daktari aliyehusika na majaribio ya dawa. Wavamizi wanaingia kijijini juu ya farasi, watu wanakimbia, ndege ya msaada inajiandaa kuondoka. Kuna mtoto wa kike. Justin anataka apande. Rubani anakataa, sheria inawaruhusu wafanyakazi wa misaada peke yao. Akimchukua huyu, na wale je? Sasa Justin ndiye anayesema maneno ya Tessa: huyu hapa tunaweza kumsaidia. Anatoa hata pesa. Mtoto anasikia, anaelewa kuliko wakubwa, anaruka chini na kukimbia.

Mwandishi wa mswada alijenga daraja kati ya matukio haya mawili na kuliacha litusubiri kwa zaidi ya saa nzima. Ni kazi safi. Ila kabla ya kulifikia lazima tuupite uvamizi wenyewe, na uvamizi umepigwa kwa nguvu zote alizonazo Meirelles: vumbi, kwato, mikato, kamera inayoanguka na kuinuka, kelele. Tunafika kwenye ndege tumechoka masikio na macho. Maneno machache ya Justin yanakuja wakati bado tunahema. Mara ya kwanza nilipoitazama sikuyasikia sawasawa, niliyasikia nilipoirudia. Mwongozaji aliona uvamizi ndio kilele cha tukio, mwandishi aliona kilele ni mlango wa ndege. Mwongozaji akashinda.

Wapo watakaoniambia kwamba hali ilikuwa ya kutisha na hivyo kamera ya kutisha ilifaa. Siafiki. Jambo zito halihitaji kusukumwa. Le Carré mwenyewe aliandika mwishoni mwa riwaya kwamba, alipochimba habari za viwanda vya dawa, aliona hadithi yake ikilinganishwa na hali halisi ni ya upole kama postikadi ya likizo. Mara nyingi riwaya hiyo hutajwa pamoja na yaliyotokea Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, ambapo watoto wapatao 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa mpya, nusu yao wakipewa dawa hiyo na nusu nyingine dawa iliyokuwa ikitumika. Watoto 11 walifariki. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba ni jaribio, kesi zikaenda kwa miaka, na mwaka 2009 kukafikiwa suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya Jimbo la Kano. Nimeandika sentensi hizo bila kivumishi kikali hata kimoja. Zisome tena uone kama zilikihitaji.

Nimekulia kwenye vibanda vya video, na DJ Afro ninampenda kama wanavyompenda maelfu ya Wakenya. Anasimama juu ya filamu ya watu, anatafsiri, anaongeza, anamwita shujaa majina yake, anakuonya kabla adui hajatokea nyuma ya mlango. Ni sanaa kamili. Inafaa kwa sababu anajitokeza waziwazi: sauti ni yake, filamu ni ya wenyewe, na sisi watazamaji tunajua tunapata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Meirelles anafanya kazi ya DJ ndani ya filamu yake mwenyewe bila kufungua mdomo. Lenzi inakuambia ogopa. Rangi inakuambia uko Afrika. Mkato unakuambia hapa moyo wako uende mbio. Fiennes anaigiza mtu anayeficha, na picha inamfichua kila dakika, mpaka siri yake inakosa pa kukaa.

Na ndani ya filamu hiyo hiyo kuna mtu aliyemwonyesha njia. Alberto Iglesias, aliyetunga muziki wa filamu, alitumia nyimbo za Ayub Ogada, mwanamuziki wetu Mjaluo aliyefariki mwaka 2019, na mmoja wa nyimbo hizo ni "Kothbiro". Aliurekodi kwenye albamu yake ya mwaka 1993, nyatiti ya nyuzi nane na sauti yake ya chini. Mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi, ndiyo habari yote. Nyuzi zinarudia mduara mmoja, sauti haipandi kutafuta makofi, na kufikia mwisho umejawa na huzuni ambayo hujui umeitoa wapi. Ogada hakuongeza kitu. Alikuwa na imani kwamba mvua inatosha. Kila wimbo huo unapoingia, nasikia filamu nyingine ambayo ingewezekana, yenye mwendo wa nyatiti.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 2004, mzee Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa ametoa Moolaadé, kuhusu mwanamke anayewakinga wasichana waliokimbia kukeketwa. Kinga yenyewe ni kamba ya rangi iliyofungwa mlangoni mwa boma, chini, hata mtoto anaweza kuiruka. Sembène anaweka kamera, anatuonyesha kamba, anatuonyesha wanawake wenye visu wamesimama nje wakiitazama. Haivuki mtu. Hakutikisa kitu. Wasiwasi niliousikia mbele ya ile kamba sikuupata katika farasi wote wa Meirelles.

Lazima nimtendee haki. Alikubali kuileta filamu Kenya wakati wengi hupiga picha za nchi zetu Afrika Kusini na kuandika jina letu chini. Aliwapa watu wa Kibera nafasi ya kuonekana wakicheka, wakifanya biashara na kuongea lugha zao, na baada ya upigaji picha waliotengeneza filamu walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya Kibera na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Na alijua, kwa moyo wa mtu aliyetoka nchi yenye mitaa kama yetu, kwamba maskini si mandhari. Ndiyo maana picha za kutoka angani za mapaa ya mabati yenye kutu zinanisononesha zaidi. Ni nzuri kupita kiasi. Kutu linakuwa zulia, vichochoro vinakuwa mishono, watu wanapotea. Leo kila kijana wa Nairobi mwenye droni anaanza video yake na mapaa hayo hayo, awe anauza wimbo au anaombea shirika msaada, na sidhani wengi wao wanajua waliichukua wapi. Chini ya kila bati kuna mtu anayesikiliza redio, anayedai kodi, anayemfundisha mtoto hesabu. Kamera ingeanzia ndani, ingejua mambo mengine.

Mwishoni Justin yuko kando ya Ziwa Turkana, mahali alipouawa mkewe, anawasubiri waliotumwa kummaliza. Kule upepo hauachi. Anayeishi Loiyangalani huongea juu yake kama jirani. Miamba myeusi, maji ya kijani, mtu mmoja ameketi. Anaongea na Tessa. Fiennes tena hafanyi kitu, na safari hii kamera kwa sehemu kubwa inamwacha. Kisha tunakatiwa kwenda London, ibada ya kumbukumbu kanisani, Ham binamu yake Tessa anasimama na kuisoma barua inayomuumbua Pellegrin mbele ya waheshimiwa wenzake. Mkato huo ni mzuri sana. Kwa mara ya kwanza pande mbili zimekutana bila kusukumana, mtu anakufa huku na neno lake linasomwa kule.

Kwenye tuzo za filamu za Uingereza, BAFTA, za mwaka 2006 filamu hii iliteuliwa mara kumi na ikaondoka na tuzo moja, ya uhariri, iliyokwenda kwa Claire Simpson. Naelewa waliompa. Kazi yake ni kubwa na kuna mikato humo, kama huo wa kanisani, ambayo ningependa kuifundisha. Lakini kwenye orodha ya Oscar ya mwaka huo ya mwigizaji bora wa kiume jina la Ralph Fiennes halikuwemo kabisa. Mtu aliyebeba filamu nzima kwa kunyamaza hakuonekana na wapiga kura, na mimi naamini ni kwa sababu mwongozaji wake alikuwa amesimama mbele yake. Ukiitazama, na nakuomba uitazame, anza na lile tukio la mimea. Mtazame yeye peke yake, usiifuate kamera.